Karani wa Redio Debe

Jina lililoandikwa kwenye karatasi ile, Gitari alikwisha kulisoma hewani kama jina la marehemu miaka ishirini na miwili iliyopita. Alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa shati, akaivaa tena. Jina halikubadilika. Ngari wa Njeru, mwana wa marehemu Wambeti, mzaliwa wa Karurumo. Karatasi ilikuwa imechanwa kwenye daftari la shule, mwandiko ukipanda na kushuka bila kuujali mstari. Chini kabisa, pale ambapo kila tangazo la kifo huja na muhuri wa chifu, palikuwa peupe.

Aliyeileta aliketi kwenye benchi la mapokezi, kiondo mapajani, viatu vimekolea vumbi la Kiritiri. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, macho makavu. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika kumi. Matangazo ya vifo yalisomwa saa saba, baada ya habari, na wakati huo watu wa Mbeere waliweka vijiko chini wasikie ni nani ameondoka.

"Mimi ni Virginia, mama Kaari," alisema. "Huyo ni bwana yangu."

"Pole sana, mama. Ilikuwa lini?"

"Jumanne. Alikuwa anachimba mchanga huko mtoni, ukingo ukamwangukia. Kumtoa, wakapata ameshaenda."

"Mungu amlaze mahali pema," Gitari alisema, kwa ile sauti nzito na tulivu iliyomlisha tangu ujana. "Na chifu mbona hakupiga muhuri?"

"Amekataa. Alipiga simu Embu na namba ya kitambulisho, wakamwambia huyo mtu alikufa elfu mbili na mbili. Akaniambia, mama, mimi siwezi kuandika barua ya mtu kufa mara mbili. Nikaenda Embu. Embu wakaniambia nirudi kwa chifu."

Gitari aligeuka, akamwonyesha ubao uliokuwa ukutani nyuma yake. HAKUNA MUHURI, HAKUNA TANGAZO. Maneno hayo aliyaandika yeye mwenyewe kwa rangi nyekundu juma lake la kwanza katika kituo hiki, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumbembeleza akafaulu, awe tajiri, awe padri.

"Ni sheria, mama. Mtu anaweza kutuletea jina la mtu aliye hai, tukasoma, tukaumiza watu."

Virginia aliusoma ubao. "Ile ya kwanza ilikuwa na stampu?"

"Ya kwanza ipi?"

"Ile ulisoma kwa Redio Debe."

Gitari alicheka kidogo, kicheko cha kununua muda. "Redio hiyo niliisikia tu, mama, kama watu wengine. Unanifananisha na mtu."

"Uso wako sijawahi kuuona mpaka leo," Virginia alisema. "Ni sauti naijua."

Redio Debe haikuwa na leseni, wala ofisi, wala haya. Mtambo wake ulitengenezwa na Kaimenyi, fundi wa redio kutoka Mikinduri aliyekuwa amefungua kibanda pale Karurumo, na ulikaa juu ya dari, ndani ya debe la kuchumia kahawa, ili askari akichungulia aone debe tu. Waya wa antena ulipanda kwenye mti nyuma ya kibanda. Gitari wakati huo alikuwa na miaka thelathini na sita, msomaji wa matangazo kanisani, mwenye sauti iliyowaamsha hata wale waliosinzia tangu mahubiri yaanze. Hewani hakulitaja jina lake. Alijiita Karani, kwa kuwa kule kiwanda cha kahawa karani ndiye akisema kilo zako, umati mzima unanyamaza.

Karani alipendwa na, tuseme ukweli, alijipenda. Alitangaza bei ya maziwa, akapeleka salamu, akawatania wakwe waliochelewa harusini. Zaidi ya yote alisoma vifo, bure, siku ileile, kwa Kiembu, bila kuyavunjavunja majina ya watu. Aliwasoma jamaa wa marehemu mmoja mmoja kama desturi inavyotaka: mwana wa nani, mume wa nani, ndugu wa nani, mkwe wa nani, mpaka wajukuu. Katika vijiji vile, asiyesomwa kwenye orodha hiyo huwa si wa boma hilo, na watu huikumbuka orodha miaka na miaka, hasa siku ya kugawa shamba. Kitu kimoja tu Redio Debe haikukidai, nacho ni muhuri wa chifu. Ingeudaije? Kumwambia mtu alete barua ya chifu kulikuwa sawa na kumpelekea chifu habari kwamba redio ipo. Basi waliwaamini watu kwa kuwatazama machoni, na kwa miezi kumi na minne macho yalitosha.

Kisha wakaja ndugu wawili wa Ngari. Walisema Ngari, aliyekwenda Mikinduri kuchuma miraa, alikuwa juu ya lori lililopinduka na kuwaka moto, na kwamba kilichobaki kilizikwa hukohuko. Karatasi yao ilikuwa safi na orodha yao ndefu. Gitari aliuliza swali moja.

"Nyumbani wanajua? Mama anajua?"

"Wote wanajua," mkubwa alijibu, akitazama debe.

Kwa desturi, mama hasikii kifo cha mwanawe redioni. Wanawake wenzake humketisha, wakamshika mikono, wakamwambia, na redio hufuata baadaye. Gitari alilijua hilo vizuri, ndiyo sababu aliuliza. Hakuuliza mara ya pili.

Wambeti alikuwa shambani akipalilia, redio yake ndogo ameitundika kwenye tawi la mti wa kahawa. Alisikia kwamba Ngari wa Njeru amefariki, na kwamba alikuwa mwana wa Wambeti, na Wambeti alikuwa yeye. Waliomfikia walimkuta kifudifudi juu ya jembe lake, redio ikiendelea kuimba juu yake, maana Karani akimaliza tangazo hakukosa kupiga wimbo. Walimzika Ijumaa. Gitari alisimama barabarani mbali na lango, kofia mkononi, na kabla ya sala kwisha akaondoka.

Naibu wa chifu aliisikiliza Redio Debe kwa siri kama kila mtu, akaandika barua kwa nguvu ya alichokisikia kwa masikio yake. Barua ikazaa cheti cha kifo, cheti kikahamisha shamba kwa wale ndugu wawili. Ngari aliporudi mzima baada ya miezi minane, alikuta kaburi la mamake limekwisha kuota majani, shamba lake lina wenyewe wengine, na mkewe na mtoto wamefukuzwa kwa kuwa ng'ombe wa mahari hawakuwa wametolewa wote. Wazee walimkumbatia, wakasema kweli ni yeye. Lakini karatasi zilisema amekufa, na ofisini wazee hawakuwa na muhuri.

Kufikia hapo Redio Debe ilikuwa imekufa nayo. Maafisa walikuja na gari, wakalishusha debe, wakamshusha na Kaimenyi. Waliulizia sana huyo Karani ni nani. Kaimenyi alisema hamjui, akafungwa mwaka mzima na neno lake hilohilo. Mwezi uleule Gitari aliomba kazi katika kituo chenye leseni mjini Embu. Walipomuuliza kazi ya kutangaza alijifunzia wapi, alijibu, kanisani.

Akapanda. Embu alipewa kipindi cha asubuhi, wenye maduka wakawa hawafungui kabla hajasalimia. Meru walimvuta na mshahara mnono, akajifunza Kimeru mpaka akawa anatania kwa Kimeru, na picha yake ikawekwa kwenye bango juu ya barabara kuu, meno yote nje. Kisha wakaja vijana wa Sheng, wanaocheka kabla hawajasema kitu, akahamishiwa Jumapili kwenye nyimbo za injili. Alipofikisha miaka hamsini na mitano walimshukuru kwa keki. Ndivyo alivyofika Kiritiri, katika vyumba vitatu juu ya duka la mbegu, akiwa na kazi moja ambayo vijana hawakuitaka, ya kusoma wafu.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo kituoni hakuna aliyelijua, na Virginia sasa alikuwa akilitoa polepole.

"Alienda ofisi zote," alisema. "Kila mahali wanamwambia atafute yule alitangaza, aandike kwa karatasi ya kuwa alikosea. Hiyo tu. Akakusikia Embu, akakujua. Alikuja kwenu mara tatu."

Gitari alimkumbuka. Mwaka wa elfu mbili na nne, mtu amevaa gambuti, zile buti za mpira za shambani, kofia ameishika kwa mikono miwili, amesimama getini tangu asubuhi hadi saa tisa. Alimwona kutoka dirisha la ghorofani. Askari wa getini alipanda kumwambia kwamba kuna mtu anamtafuta Karani wa Redio Debe, na Gitari, akiwa na chai mkononi, akasema, mwambie hapa hakuna mtu wa jina hilo. Mara ya pili alisema vivyo hivyo. Mara ya tatu hakuinuka hata kitini. Sahihi moja tu ingemrudisha Ngari duniani, na Gitari aliinyima kwa sababu sahihi hiyo ingemtoa kazini. Aliyajua hayo yote siku ileile, na usingizi wake haukukatika.

"Hata mimi nilisikia hiyo ya kwanza," Virginia aliendelea. "Nilikuwa nafua nguo kwa jirani. Nikangoja jina langu. Ulisoma ndugu, ukasoma mashangazi mpaka yule wa Nairobi. Mimi na Kaari hukutusoma. Nikajua hapo hapo ya kwamba nimefukuzwa, kabla hata wao hawajakuja kuniambia."

"Sikuwa nimeletewa jina lako, mama."

"Najua."

Alisema hivyo bila ukali, na Gitari angependa sana kama ungekuwapo ukali, apate kitu cha kujikinga nacho.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Akufe mara moja. Useme ya kwanza ilikuwa ya uongo, na ni nani alisoma. Halafu usome hii. Kaari yuko Karurumo, atarekodi kwa simu. Wakili amesema inaweza kusaidia, inaweza kukosa." Aliingiza mkono kiondoni, akatoa redio ndogo nyeusi, upande mmoja umebanduka rangi, akaiweka juu ya meza ya mapokezi. "Hii ni ya mamake. Bwana yangu hakuwahi kuiwasha. Na kuitupa akakataa. Leo asubuhi nimenunua betri."

Gitari hakuigusa. Mlango wa ofisi ulifunguka, akatoka Felicitas, meneja wa kituo, binti wa miaka thelathini na mbili aliyeyasikia yote kupitia ukuta wa mbao.

"Mzee Gitari, njoo kidogo." Alimvuta hadi kwenye ukumbi mwembamba, akashusha sauti. "Usinifanyie hivyo. Mwaka jana tulipelekwa kortini kwa kitu kidogo kuliko hiki. Hao ndugu wakisikia, wataleta wakili kesho. Na kontrakti yako iko kwa meza ya mwenye kituo, bado hajaisaini."

"Najua."

"Halafu, ukisema uliwahi kuwa kwa redio haramu, leseni yetu itaulizwa. Mimi sitaweza kukutetea. Mzee, kwani ilikuwa wewe?"

Gitari aliangalia saa. Saa saba kasoro robo. Alitaka kumwambia binti huyu kitu cha kweli, akaona kwamba mdomo wake haukuwa na mazoea hayo.

"Nitaisoma," alisema. "Nitasema ya kwanza ilikuwa makosa. Mengine tutaona."

"Basi mimi sijakuruhusu. Nataka ujue hivyo."

"Hujaniruhusu, mama," alikubali, na akamwita mama kwa heshima, ingawa angeweza kumzaa.

Aliporudi mapokezi alimkuta Virginia amekwisha kusimama, redio imo mkononi. Gitari alimwambia angeweza kuketi humo ndani, kioo cha studio kilikuwa palepale, angemwona na kumsikia vizuri.

"Hapa ndani nitasikia wewe," alisema. "Mimi nataka kusikia redio."

Akashuka ngazi. Gitari alimwona kutoka dirisha la studio akivuka ua, akaegemea ukuta wa choo palipokuwa na kivuli chembamba, akaivuta antena na kuiweka redio sikioni.

Habari zilikwisha. Mbele ya Gitari palikuwa na karatasi tano, nne zenye muhuri na moja isiyo nao. Alianza na hiyo. Alisoma kwa Kiembu, kisha akarudia kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa kama ilivyokuwa siku zote, haina doa.

"Kwa huzuni kubwa tunatangaza kifo cha Ngari wa Njeru, kilichotokea Jumanne wiki hii hapa Kiritiri. Alikuwa mwana wa marehemu Wambeti wa Karurumo. Mume wa Virginia. Baba yake Kaari. Atazikwa Jumamosi nyumbani kwake Kiritiri, saa nne asubuhi. Wasikilizaji, mnamo mwaka wa elfu mbili na mbili, kituo fulani ambacho hakikuwa na leseni kilitangaza kwamba Ngari amekufa. Habari hiyo haikuwa kweli. Ngari alikuwa hai, na alikuwa hai mpaka Jumanne."

Alipiga wimbo. Vidole vilifanya hivyo vyenyewe, kama vilivyozoea. Alijifuta jasho la shingo, akajiambia kwamba amefanya jambo gumu, na kwa dakika nzima karibu aamini. Nyuma ya kioo Felicitas alishusha pumzi. Kituo fulani ambacho hakikuwa na leseni. Hilo lingeweza kutetewa.

Ndipo akatazama uani. Virginia hakuwa ameondoa redio sikioni. Wimbo ulikuwa ukiendelea na yeye bado alisikiliza, kichwa ameinamisha kidogo, hana haraka, hana hasira. Alikuwa akingoja jina. Jua lilikuwa limekila kivuli chote, na yeye hakusogea. Gitari alimwona vilevile alivyomwona mumewe, kutoka juu, kupitia dirisha, na tofauti ilikuwa tu kwamba mara hii hapakuwa na askari wa getini wa kumtuma.

Aibu ikamjia. Ilikuwa aibu ya miaka ishirini na miwili, na ilikuja yote kwa pamoja.

Aliushusha wimbo katikati ya ubeti. Felicitas akagonga kioo. Gitari akafungua kipaza sauti.

"Wasikilizaji, sikumaliza." Sauti ilitoka nyembamba, yenye mikwaruzo, sauti ambayo hakuna aliyewahi kumlipa ili aisikie. "Aliyesoma lile tangazo la uongo ni mimi. Karani wa Redio Debe nilikuwa mimi. Naitwa Gitari wa Kathuri, wa Karurumo. Sikuomba muhuri. Niliuliza mara moja kama mama anajua, sikuuliza tena, na mama akasikia kwangu, akafa. Majina ya Virginia na Kaari sikuyasoma. Baadaye Ngari alinifuata Embu mara tatu niandike kwamba nilikosea. Nilikuwamo ndani. Nilimwambia askari aseme simo. Na Kaimenyi wa Mikinduri alifungwa akinificha. Ni hayo."

Hakupiga wimbo. Katika masafa yale, kutoka Kiritiri mpaka Karurumo, palisikika tu pumzi ya mzee na kiti kikilia. Simu ya mapokezi ilianza kuita, ikanyamaza, ikaita tena. Felicitas alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akageuka, akaenda kuipokea.

Uani, Virginia aliishusha redio. Aliigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha, akatoa betri moja, kisha ya pili, akazifunga kwenye pembe ya leso yake. Redio akaitia kiondoni. Alivuka ua na kutoka langoni, na dirishani hakuinua macho.

Gitari alivuta karatasi iliyofuata. Muhuri ulikuwapo, mviringo kamili, wino wa zambarau bado mbichi. Marehemu alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, ajali ya pikipiki. Kidole chake kilishuka hadi kwenye orodha: mwana wa Nkirote. Mbele ya jina la Nkirote hapakuandikwa marehemu. Kwa hiyo alikuwa hai, mahali fulani, saa hii ya chakula, labda karibu na redio.

Kidole kikakaa pale. Kipaza sauti kilikuwa wazi, taa nyekundu inawaka, na kila aliyekuwa akisikiliza alimsikia akiuliza:

"Huyu mama ameambiwa?"